Pesa ya Alimentation

Wewe unayeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sogea, nafasi ipo. Kwangu hakuna mtu aliyewahi kuachwa asimame mlangoni. Siku hizo mlango ulikuwepo.

Wengine mnajua tulipofika. Mume wangu Jean-Baptiste alienda Kamituga kuchimba dhahabu, akachimba mwanamke, akabaki huko. Mimi nikabaki Cimpunda na binti yetu Carine, miaka kumi na sita, na kile chumba cha mbao kilichoegemea nyumba, ambamo vijana walilipa franga mia tano kucheza mpira kwenye televisheni. Niliwauzia bitumbura, maandazi yetu, na sambaza, dagaa wa ziwani, za kukaanga, nao wakaniletea habari za mtaa mzima. Hakuna maisha mengine niliyoyataka. Kisha Jacques wa Muhumba akaleta mashine yake, ile wanayoita PC gamer, na ndani ya mwezi mmoja chumba changu kikabaki na viti na nzi.

Wiki iliyopita niliishia pale zamu yangu ya likelemba, ule upatu wetu, ilipofika. Akina mama kumi na sita wa soko, kila mmoja dola hamsini, wakanihesabia mkononi dola mia nane. Nikasema mbele yao wote kwamba nitaunda mashine ya kumzika Jacques.

Leo nasema nilichofanya na pesa ile. Mapadri wawili nimewaambia nusu nusu. Ninyi nawaambia yote.

Kijana wa kuunda mashine aliitwa Nathanaël, mtoto wa Mama Christine wa shirika letu la kanisani. Alisoma informatique akamaliza, akakosa kazi, akawa anatengeneza simu na kompyuta juu ya meza ya mama yake. Kijana mpole, hajui hata kuongeza bei.

"Maman, hizi pesa haziwezi kufanya yote," akaniambia. "Lazima tuchague fasi ya kutia nguvu."

"Tia nguvu ku mataa," nikasema. "Sanduku ya Jacques inawaka nyekundu, inawaka bleu. Batu banaiona toka barabarani."

"Mataa haichezi mpira, maman."

"Na écran, kioo ya kuangalia? Mimi nataka kubwa kama mulango."

"Écran ya kadiri, cent vingt, mia na ishirini. Picha haitoke mu écran. Inatoka mu carte graphique, kile kipande ya kuchora picha. Pale tunatia deux cent quatre-vingts, mia mbili na themanini, hata kama ni ya occasion, ya mutumba."

Tukabishana hadi chai ikapoa. Mimi nilitaka vitu vya kuonekana, yeye alitaka vitu vya ndani. Nikamwambia mteja hafungui sanduku kuangalia tumbo lake. Akaniambia mteja akikwama katikati ya mchezo anarudi kwa Jacques. Hapo alinishinda.

Akaandika karatasi kwa Kifaransa. Carte graphique, processeur, mémoire, disque, écran, kila kimoja na bei yake. Chini kabisa akaandika: Alimentation 750 W, dola 120. Akapiga mstari chini ya neno hilo, halafu akapiga wa pili.

"Hapa usipunguze hata franga moja," akasema. "Fasi ingine yote unaweza kupunguza, lakini ku alimentation hapana. Alimentation ikiwa mubaya, vyote vinakufa."

Nikamtazama mtoto wa watu, macho yakanijaa machozi. Tangu Jean-Baptiste aondoke hakuna mwanaume aliyeweka chakula kwenye hesabu mbele yangu.

Kama hujafika Bukavu nikueleze. Kwetu alimentation ni duka la vyakula. Neno limepakwa rangi juu ya milango kutoka Kadutu hadi Ibanda, na ndani kuna mchele, mafuta, sukari, maziwa ya unga. Mimi niliacha shule cinquième primaire, darasa la tano, na hilo ndilo neno la kwanza la Kifaransa nililojua kusoma, kwa sababu nilikuwa nalisoma nikiwa na njaa.

Ile W nayo nikaisoma "watu". Watu mia saba na hamsini. Nikasema moyoni, kijana ananitakia chumba kijae, na waliojaa wale.

"Nitanunua wapi?"

"Ibanda ziko za muzuri. Utaijua ku uzito. Ya muzuri iko muzito, ukibeba mukono unasikia. Ile ya mwepesi, acha pale pale."

"Muzito," nikasema. "Nimesikia."

Akachukua dola mia sita na themanini kuagiza vipande Kampala. Mia na ishirini akaniachia, akaniaga kwa mikono miwili.

Nilienda Ibanda nimevaa pagne, kitenge changu cha Jumapili. Nilinunua mfuko wa mchele, mfuko wa unga wa muhogo, maharagi, bidon ya mafuta, sukari, maziwa ya unga, sambaza kavu. Mama mmoja wa kubeba mizigo alinipandishia ile mifuko hadi Cimpunda kwa safari mbili, kamba kwenye paji la uso, jasho likimtoka puani. Nikajisemea, Nathanaël amesema kweli, alimentation nzuri ni nzito.

Nikapika. Mnanijua. Siku ya kwanza nilipikia vijana wanne, siku ya tatu walikuwa ishirini. Nilisema ni matangazo, mashine inakuja, tuleni tukiingoja. Jirani yangu Georgette, ambaye nyumba yake na yangu zilitengwa na mbao moja, alikuja na sahani yake, kesho yake na watoto wake, keshokutwa na wifi yake kutoka Kabare. Hata chef wa avenue, mkuu wa mtaa wetu, Papa Anaclet, alipita "kusalimia" saa ya fufu, ugali wetu wa muhogo, siku tisa mfululizo.

Nyumba ilijaa. Nilijua nani amefukuzwa na mke, nani ameuza bati za baba yake. Nilifurahi hivi kwamba nikiwaza sasa naona aibu.

Siku ya kumi na saba vipande vikafika, ndani ya balo la nguo za mitumba ili visivunjike. Nathanaël akavipanga mezani. Mlango ulikuwa vichwa tupu.

"Hii kidogo hivi ndiyo deux cent quatre-vingts?" Georgette akauliza, kijiko mdomoni. "Hata kuku iko na nyama kuliko hii."

"Ndiyo inatoa picha, maman."

"Basi itutolee picha ya bwana ya Mama Carine kule Kamituga, tuone kama amenenepa."

Wakacheka, na mimi nikacheka zaidi yao, kama desturi yangu ninapochomwa.

Nathanaël akakaza vis, zile skrubu, akapachika hiki juu ya kile, kisha akanyoosha mkono bila kunitazama.

"Maman, sasa lete alimentation."

Nikageuka nimwambie Carine apakue. Ni Mungu au ni shetani, sijui, lakini kijana akaongeza neno: "Kisanduku yake inakaa hapa chini. Ndiyo inapatia vyote courant."

Courant, umeme, si chakula. Nikaona nafasi ya mraba ndani ya lile sanduku la chuma. Tupu. Nyuma yangu sufuria ya mwisho ya maharagi ilikuwa ikichemka.

Kusema pale pale kulikuwa rahisi. Wangecheka. Lakini kwenye avenue yetu mimi ndiye ninayewapa watu majina. Mwalimu mmoja alianguka mtaroni, nikamwita Bwana Mtaro, na hadi leo wanafunzi wake wanamwita hivyo. Nikaona langu likija: Mama Alimentation, aliyepika kompyuta akaila. Mpaka kaburini.

"Niliificha kwa dada yangu, juu ya kuogopa wezi," nikasema. "Kesho utaiona."

Za akiba nilibaki na dola kumi na tatu. Asubuhi nikamchukua Carine, tukaenda soko la Kadutu kwa Murhula, anayeuza mizoga ya redio na televisheni.

"Natafuta alimentation. Ya kompyuta," nikasema.

Murhula akavuta moja kutoka chini ya rundo. Ilikuwa na vumbi na buibui. "Hii. Dola kumi."

"Iko na sept cent cinquante, mia saba na hamsini?"

"Iko na deux cent cinquante, mia mbili na hamsini. Unataka sept cent?"

"Nataka sept cent."

Akachukua nyingine iliyokufa, akaibandua karatasi yake polepole kwa kisu, akaipaka gundi, akaibandika juu ya ile ya kwanza, akaisugua kwa kidole gumba. "Sasa iko na sept cent cinquante. Dola kumi na mbili."

"Mama," Carine akasema, "huyu anabandika tu karatasi."

"Funga kinywa. Beba."

Akabeba. Mfuko ulikuwa mwepesi, akaushika kwa kidole kimoja.

Nathanaël alipoipokea aliiweka kwenye kiganja, akaipandisha, akaishusha, kama mama anayenunua muhogo.

"Maman, hii iko mwepesi."

"Macho yako haione sept cent cinquante?"

"Macho inaona. Mukono haione." Akaigeuza. "Ulinunua wapi?"

"Ibanda. Si ni wewe ulinituma?"

"Facture? Risiti?"

"Ilipotea."

Akatazama watu mlangoni, akashusha sauti. "Maman, kama iko kitu, uniambie sasa. Siko na hasira. Tutangoja mwezi moja, tutafute ingine."

Sikilizeni vizuri. Alinifungulia mlango. Alinishikia kabisa nipite.

"Kichwa ya Carine," nikasema kwa sauti, ili na wa nyuma wasikie. "Nakuapia kwa kichwa ya mutoto wangu. Nililipa cent vingt ya alimentation."

Na haukuwa uongo, ile mia na ishirini iliishia madukani. Nililipa cent vingt ya alimentation. Nilijifariji kwa ujanja huo siku nyingi.

Kwetu mtu akishaapa kwa kichwa cha mtoto, hakuna anayeuliza mara ya pili. Kuuliza ni kumtakia mtoto kifo. Nathanaël akainamisha kichwa, akakaza vis nne. Carine alikuwa karibu na jiko. Alitazama miguu yake.

Mashine ikawaka.

Nisiwaongopee, zilikuwa siku tamu. Nyasi za uwanja zilionekana jani kwa jani. Vijana wa Muhumba walipanda kilima hadi Cimpunda, wakamwacha Jacques peke yake na mataa yake ya bleu. Siku moja nilihesabu watu arobaini na mmoja ndani ya chumba cha watu kumi na tano. Walikaa juu ya mapaja ya wenzao. Nilipita katikati yao na sinia la sambaza kichwani, nikigawa habari.

Kulikuwa na harufu. Ilianza juma la pili, harufu ya samaki wa kuungua, kidogo, ikitokea kwenye kona ya mashine. Fundi yeyote angejua kwamba plastiki ya vyombo vya umeme ikiungua hunuka hivyo. Lakini chumba changu kilinuka samaki tangu siku ya kwanza, kwa sababu nilikuwa nakaanga samaki.

Nathanaël alipita mara moja, akasimama, akanusa. "Nani anachoma samaki?"

"Mimi. Unataka?"

Akacheka. Akala tatu. Alipokuwa akiondoka akaniambia, "Courant ikienda, maman, uzime yote. Isikute mashine wazi pale inarudia. Na utafute stabilisateur, ya kutuliza courant."

"Mwezi kesho," nikasema.

Mwezi kesho haukufika. Jumamosi, saa tisa mchana, umeme ukakatika katikati ya mchezo. Vijana wakapiga kelele, wakadai dakika zao. Nilikuwa nje kwenye jiko, ningeweza kusema zimeni. Georgette alikuwa ananieleza habari ya wifi yake, na ndiyo kwanza ilikuwa inakolea.

Umeme ukarudi kwa nguvu, taa zikawa nyeupe. Nikasikia mlipuko mmoja, kama mtu ameangusha jiwe juu ya bati.

Kisha moshi. Kisha vijana wakatoka wote kwa mara moja, wakang'oa mlango. Mbao kavu, karatasi za plastiki ukutani, mafuta yangu ya kukaangia pembeni. Pale paliposikika mpira ukichezwa, sasa palisikika moto.

Carine alitoka. Nataka mjue hilo. Carine alikuwa ametoka, alikuwa salama, alisimama karibu nami akikohoa.

Nami nikapiga kelele. "Carte! Carte! Muokoe carte!"

Deux cent quatre-vingts. Pesa ilipokuwa, ndipo kinywa changu kilipokwenda. Sikuita mtu. Niliita kile kipande.

Carine alidhani namwambia yeye. Labda nilikuwa namwambia yeye. Aligeuka, akaingia.

Alitoka nayo. Aliishika kwa mikono miwili kifuani, ikiwa bado inawaka, plastiki ikimiminika katikati ya vidole vyake, na hakuiachia mpaka nilipomwambia aiachie.

Gari la kuzima moto haliwezi kupanda kwetu hata likitaka. Watu walileta mabeseni. Nyumba yangu ikaisha, ya Georgette ikaisha. Ilipofika saa kumi na moja tulikuwa tunatazama bati zilizokunjamana, na ng'ambo ya majivu Georgette alikuwa ananitazama mimi. 

Kwenye hospitali ya Ibanda walikompokea Carine, daktari alinieleza Jumatatu asubuhi, taratibu, kama anaongea na mtoto. Mikono lazima ifanyiwe operesheni. Watachukua ngozi ya paja waiweke viganjani. Wakichelewa, vidole vitashikana na kubaki hivyo.

"Avance, malipo ya kwanza, ni dola mia tano," akasema. "Ndani ya wiki hii."

Sikuwa hata na sahani.

Siku hiyo hiyo saa nane, Papa Anaclet akaita barza, baraza la mtaa, pale pale kwenye majivu. Wakaleta mabenchi ya kanisa. Nikatazama waliokaa. Georgette. Wifi yake. Wale vijana ishirini. Chef mwenyewe. Kila mmoja alikuwa amekula kwenye mia na ishirini ile, na sasa walikuwa wamekaa kutafuta nani aliyeila.

Nathanaël alisimama katikati, mama yake Christine nyuma yake ameshika rozari.

Chef akanyanyua kitu kilichofungwa kwenye gunia. Ile alimentation. Ilikuwa nyeusi, lakini upande mmoja uliegemea sakafu, na huko joto lilikuwa limekunja karatasi ya juu kama jani la ndizi. Chini yake kulikuwa na karatasi nyingine.

"Juu iko sept cent cinquante," chef akasoma. "Chini iko deux cent cinquante. Fundi, hii ni nini?"

Nathanaël akaikodolea macho. Nilimwona akielewa. Alielewa yote, mpaka na uzito, mpaka na harufu ya samaki.

"Mimi sikushika pesa ya alimentation," akasema. "Maman ndiye alinunua. Mumuulize."

Watu wakanung'unika. Georgette akasimama. "Mama Carine? Huyu hata ku téléphone ananiomba nimusomee message. Atajua wapi kununua matumbo ya machine? Wewe ndiye umesoma. Wewe ndiye ulikula cent vingt, ukatia takataka, na nyumba yangu imeungua."

Alikuwa ananitetea. Hapo ndipo nilipojua kwamba ujinga wangu, ule niliouficha kwa gharama yote ile, ndio ungeniokoa.

Mama Christine akainua mkono. "Papa Chef, kama ni mutoto yangu, hatutakimbia. Tuko na shamba kule Kabare. Tutauza. Tutalipa kwanza hospitali ya ule binti, kisha nyumba. Lakini aseme mwenyewe Mama Carine. Yeye ni dada yangu wa shirika. Akisema, nitakubali."

Chef akanigeukia. "Mama Carine. Ulitoa cent vingt ya alimentation, ndiyo ao hapana?"

"Ndiyo," nikasema. Ule ujanja wangu wa zamani.

"Ulimupatia nani?"

Hapo ujanja uliisha. Kulikuwa na majina mawili ya kusema. Nikisema langu, hakuna shamba, hakuna avance, na vidole vya Carine vitashikana. Nilivihesabu. Kumi.

"Huyu," nikasema.

Sikunyoosha kidole. Walielewa tu.

Nathanaël hakupiga kelele. Alisema, "Maman," mara moja, kwa sauti ile ile aliyoniambia kwamba hana hasira. Vijana waliokuwa wakila kwangu wakamkamata mikono. Kabla hawajafika kwenye mtaro shati lake lilikuwa limechanika, na chef akawafuata mbio ili kijana afike kacho, mahabusu, akiwa mzima. Mama Christine akabaki ameketi. Akafunga rozari kwenye kitambaa, fundo moja, fundo la pili, kisha akanijia na kunishika bega.

"Unisamehe, dada," akaniambia.

Mimi nimsamehe.

Alhamisi shamba lilikuwa limepata mnunuzi. Ijumaa Mama Christine akalipa avance mwenyewe, akaniletea risiti. Operesheni ikapangwa Jumatatu. Kila siku aliteremka kwa miguu na chakula: asubuhi apite kacho kumlisha mtoto wake, mchana apite hospitali kumlisha wangu.

Jumapili, baada ya misa, nilikuwa nimekaa kando ya kitanda. Mikono ya Carine ilikuwa mikubwa, myeupe, imefungwa kama vichwa viwili vya watoto wachanga. Tangu moto hakuwa amesema zaidi ya maji na asante.

"Nani analipa?" akauliza ghafla.

"Mungu."

"Mama. Nani?"

"Mama Christine. Bameuza shamba."

"Juu ya nini?"

Nikavuta shuka, nikamfunika kifua. Akaisukuma kwa kiwiko.

"Nathanaël iko wapi?"

"Pumzika, mutoto."

"Infirmière, ule nesi, ameniambia. Iko kacho. Banamupiga." Akageuza kichwa, akanitazama. "Nilikuwa na wewe kwa Murhula. Nilibeba ule mufuko. Kichwa uliyoapia ni yangu."

"Carine, kesho banakupasua. Ukisema leo, pesa itarudishwa. Mikono yako."

"Mikono sina," akasema. "Lakini kinywa niko nayo. Kama hausemi, mimi nitasema."

"Ngoja kesho. Siku moja tu. Nakuomba."

"Na yeye, bamungojeshe na yeye?"

Pazia likasogea. Mama Christine akaingia na kapu lake, viatu vimejaa tope, na harufu ya uji wa sosoma ikaingia naye. Alikuwa amekonda. Akaweka thermos, akatoa bakuli, akatoa kijiko, akakifuta kwa ncha ya pagne.

"Nimechelewa, munisamehe," akasema. "Uji haukuwa na sukari, ikabidi nipitie ku alimentation."

Neno likakaa chumbani. Carine akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

Mama Christine akakaa ukingoni mwa kitanda, akamimina, akapuliza. Kisha akatutazama mmoja mmoja, yule mama ambaye hakuwa amelala siku sita.

"Mbona munanyamaza? Pale ninaingia nilisikia mutoto anaongea. Alikuwa anasema nini?"

Akachota uji, akaupuliza tena, akauacha upoe pale juu ya bakuli.

Carine akafungua kinywa. Kijiko kilikuwa bado mbali.